Hapa Hakuna Mtu wa Jina Hilo

Siku hizi ukiwauliza wanafunzi wa chuo chetu habari za Marlys Tiedeman, watakwambia ndiye mama wa vyoo. Wamemtengenezea na kibao, kidogo hivi, kimebandikwa ghorofa ya chini ya jengo la wanafunzi, kando ya mlango wa choo cha mtu mmoja mmoja. Kila nikipita nakasirika. Si kwamba wanasema uongo. Vyoo alivipigania kweli, mpaka wakubwa wa chuo wakimwona kwa mbali wanageuza njia. Lakini Marlys niliyemjua mimi alikuwa na haja moja tu duniani, nayo haikuwa choo. Alitaka baba yake amwite kwa jina lake. Mara moja, basi.

Mimi ni Bernadette, Berni kwa walionizoea. Nilipika bwaloni kwa wanafunzi miaka mingi, na nyumbani niliishi na Joanne wangu, jambo ambalo zamani zile hatukulisema kwa sauti. Marlys alikuwa fundi wa kufuli wa chuo. Aliajiriwa akiwa na ndevu na jina la kiume ambalo silitaji hapa, maana mwenyewe alishalizika na mimi si mfukua makaburi. Mwaka tisini na mbili, tuliporudi kutoka likizo ya Krismasi, akaja kazini kavaa sketi ya kijivu, soksi nene na buti zake zilezile za kazi. Akapanga foleni na sinia lake. Bwalo zima likageuza shingo.

"Unanitazama nini, Berni?" akaniuliza. "Supu imepoa?"

"Natazama sketi," nikamwambia. "Hiyo rangi inakuzeesha, mwenzangu."

Akacheka mpaka akaweka sinia chini. Nyuma yake kulikuwa na mabaunsa wa timu ya mpira, wametoa macho. Nikawageukia: "Na nyie mnasubiri nini? Mnataka niwalishe kwa mkono?" Wakasogea. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Jina la Marlys hakuliokota barabarani. Mama yake, aliyefariki yeye akiwa bado shuleni, alitamani sana mtoto wa kike, na jina alishamwekea kabla hajamzaa. Mkunga akamwambia ni mvulana. Akazaa wa pili, Duane, mvulana tena. Jina likabaki halina mwenyewe. Baba yao, mzee Gerhard, mfuga nguruwe kule Nebraska, alilijua jina hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo mwanawe alipompigia simu akasema, "Baba, mimi sasa ni Marlys," yule mzee aliona katukaniwa marehemu wake. Akajibu, "Umekosea namba." Akakata.

Basi ikawa ndiyo ibada yao. Kila Jumapili, saa ambayo anajua baba katoka kanisani na kahawa iko mezani, Marlys anapiga. "Baba, ni Marlys." "Umekosea namba." Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, ukaja mwingine. Mimi nilichoka kwa niaba yake.

"We Marlys," nilimwambia siku moja, "mbona unajitesa? Mwambie tu, ni mwanao. Jina liache. Mtazungumza habari za nguruwe na mvua, mambo yaishe."

"Akizungumza na mtu asiye na jina, Berni, anazungumza na nani?"

"Anazungumza na mwanawe!"

"Hanaye huyo mwana anayemdhani. Na mimi sitaki kuongea na baba yangu nikiwa mtu mwingine." Akachukua kikombe chake akaenda kukiosha, na mimi nikajua mjadala umefungwa.

Chama chetu, cha sisi na wanafunzi wa namna yetu, kilianza kwenye chumba cha chini cha kanisa dogo la Walutheri pembeni mwa chuo. Tulikuwa wachache, tungeweza kukaa kwenye meza moja. Nilikuwa napika sufuria ya maharage na nyama ya kusaga yenye pilipili, tunaila na mikate ya mdalasini kama wanavyokula watu wote wa kwetu, na nyuso zikishapata joto watu wanasema yaliyowakaa moyoni. Ndipo tulipogundua kwamba nusu ya watoto wale hawanywi maji asubuhi. Unajua kwa nini? Wanaogopa choo. Choo cha wanaume wanapigwa, choo cha wanawake wanaitiwa askari.

Marlys akawa na dawa yake. Mtoto akibanwa, anamfuata karakana. Marlys anachukua sanduku la zana na kile kibao cha "Choo kinatengenezwa", anakitundika mlangoni, mtoto anaingia, yeye anabaki nje anagonga kitasa kwa nyundo na kupiga mluzi. Mkubwa wake wa kazi akaanza kushangaa mbona vitasa vya vyoo vya chuo hiki havikai hata wiki. Tulicheka sana. Lakini ilikuwa aibu, jamani. Watu wazima, wana akili za kusomea udaktari na sheria, wanakojoa kwa ulinzi wa nyundo.

Chama kikakua, tukapewa chumba na meza na simu katika jengo la wanafunzi. Hapo ndipo tulipokuwa na Lyle. Lyle alikuwa kijana mpole wa mwaka wa kwanza, aliyezaliwa akaitwa msichana, na kwao hawakutaka kusikia. Siku moja simu ikalia, Marlys akapokea. Sauti ya mwanaume, taratibu, imejaa machozi: "Namtafuta mwanangu Lyle. Mwambieni baba yake ameelewa." Marlys aliposikia baba anataja jina la mtoto wake namna ile, moyo ukayeyuka wote. Akamwambia bweni, akamwambia na namba ya chumba. Akatuita tuje tusikie habari njema. Nilikumbatiana naye mle ndani tukiruka kama watoto.

Jioni ile walikuja na gari, baba na wajomba wawili, wakamtoa Lyle kwa kumbeba. Hakurudi. Theluji ilipoyeyuka tukaambiwa amekufa, na aliyetuambia hakutaka kusema amekufaje. Tulikwenda kuliona kaburi. Jina lililoandikwa pale lilikuwa la msichana tusiyemjua.

Marlys hakulia mbele yetu. Alirudi akaweka sheria ya meza. Akija mtu tusiyemjua, au akipiga simu, akamuulizia mmoja wetu kwa jina lake, jibu ni moja: hapa hakuna mtu wa jina hilo. Akiwa mkali, jibu ni hilo. Akiwa mpole, jibu ni hilo zaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ndiyo ilivyokuwa. Kila aliyetaka kukaa mezani ilibidi kwanza afanyiwe majaribio. Marlys anatoka nje, anabisha hodi, anaingia akiwa baba wa mtu. Kofia mkononi, mabega yameshuka. "Nimetoka mbali, mama yangu. Nataka tu nimwone mwanangu. Nimekosa, najua." Huyo aliye mezani akilegea hata kidogo, Marlys anapiga kofi meza: "Umemuua! Tuanze tena." Alilijua vizuri igizo hilo, alikuwa na maneno yote ambayo baba angeweza kuyasema. Mimi nilijua anayatoa wapi. Alikuwa akiyasubiri kila Jumapili.

Mwaka elfu mbili na tatu chuo kilipaswa kuamua. Bodi ingekaa kwenye makao makuu ya jimbo kupiga kura, je, kanuni za chuo zitamke wazi kwamba mtu aliyebadili jinsia haruhusiwi kufukuzwa kazi, bweni wala darasa kwa sababu hiyo? Marlys ndiye angesimama kusema kwa niaba yetu. Gazeti likaja likampiga picha karakana, funguo shingoni, anacheka, na jina lake likaandikwa chini: Marlys Tiedeman. Picha hiyo ikasambaa magazeti ya majimbo ya jirani. Simu za matusi zikaanza. Nyingine zilikuwa za kulaani, nyingine za utamu: "Mimi rafiki yake wa zamani, anakaa wapi siku hizi?" Marlys akaniambia, "Umeona? Hao wa sauti ya asali ndio wa kuogopwa."

Siku ya kura tulijaza gari la kanisa tukaenda. Mezani tulimwacha Thora Okerlund, msichana wa shahada ya pili, mrefu, mwangalifu, aliyekuwa amefaulu majaribio yote ya Marlys bila kutetereka. Marlys alisema mbele ya bodi kwa dakika chache tu. Hakupamba. Alisema yeye kafungua na kufunga kila mlango wa chuo kile, na angependa kabla hajastaafu kuona hata mmoja ambao watoto wake wanaweza kuupita bila hofu. Kura zikapigwa. Tukashinda kwa kura moja. Lo! Nilipiga kelele mpaka mzee mmoja wa bodi akanitazama juu ya miwani yake. Njiani kurudi tuliimba nyimbo za kanisani na za baa bila kuchagua.

Tulipoingia ofisini jua lilikuwa bado halijazama. Thora akaruka kutoka kitini.

"Tumeshinda?"

"Tumeshinda!"

Wakakumbatiana, wakazunguka. Halafu Thora akasema, anang'aa kwa fahari, "Na mimi huku sikulala, dada. Kuna mzee alikuja kukutafuta. Nimemtoa vizuri kabisa."

"Mzee gani?"

"Sijui. Mzee wa shamba. Buti zina matope, kofia kaishika hivi mkononi. Anaongea polepole, mpole huyo! Nikasema, haya, ndio wale wa asali."

Marlys alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limesimama. "Akasemaje?"

"Alisema, 'Namtafuta binti yangu, Marlys Tiedeman.' Nikamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Akasema, 'Una hakika, mama? Nimemwona gazetini.' Nikamwambia, mzee, hapa hakuna mtu wa jina hilo. Akasema, 'Basi mwambieni...' Halafu hakumaliza. Akasema asante. Akaondoka na pikapu lake."

"Pikapu la rangi gani?"

"La kijani. Mlango mmoja mweupe."

Marlys akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa pale pale sakafuni, na sketi yake nzuri ya kwendea kwenye bodi. Thora akanitazama mimi, akamtazama yeye, na mimi nikaona anaelewa. Uso wake ulivyobadilika, sitaki kuukumbuka.

Tukapiga simu Nebraska. Duane ndiye aliyepokea. Mzee katoka alfajiri, hakuaga, wamemtafuta siku nzima. Marlys akamwambia, "Akifika tu, Duane, nakuomba, mwambie sikuwepo. Mwambie ni kosa. Mwambie nilikuwa safarini." Tulikaa karibu na simu ile. Ilipolia, Duane alisema mzee kafika salama, kakaa mezani, na hataki kusogea kwenye simu. "Nimemwambia ulivyoniambia," Duane alisema. "Sijui kama amesikia. Amechoka sana. Mpigie kesho."

Kesho yake asubuhi mzee Gerhard alianguka kwenye banda la nguruwe. Kiharusi.

Niliendesha mimi. Marlys alikaa pembeni yangu, mikono kapakata, mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa yanapita dirishani pande zote mbili. Tukavuka mto wa kuingia Nebraska. Kisha akasema, "Alitamka. Umemsikia Thora. Alisema binti yangu."

"Nimesikia."

"Mbele ya mtu asiyemjua. Hakuona haya."

"Hakuona haya, Marlys."

Hospitalini tulimkuta mzee amelala, upande mmoja wa mwili umekufa, ulimi haugeuki. Macho yalikuwa mazima. Yalimwona mwanawe akiingia. Yakamtazama kitambo, kisha mzee akageuzia uso wake ukutani. Jamani, mimi ni mtu mkavu, nimezika wazazi wangu wote nikiwa wima, lakini pale nilitoka nje nikashika ukuta. Nilimsikia Marlys kupitia mlango. "Baba, sikukufukuza mimi. Hawakukujua. Niliwafundisha hivyo kwa sababu ya mtoto mmoja. Baba, geuka. Baba, ni Marlys." Alisema hivyo mchana kutwa, siku iliyofuata akasema tena, mpaka sauti ikakauka. Mzee hakugeuka. Hakuna anayejua kama ni hasira, au ni ule ugonjwa uliomwelekeza huko, au hakuwa akisikia tena. Daktari alisema haiwezekani kujua. Alikufa akiwa ametazama ukuta.

Baada ya mazishi, kina mama wa kanisa walipokuwa wanaandaa mikate ya nyama ya nguruwe na saladi za viazi, Duane alitukuta jikoni. Huyu naye hakuwa amemwita dada yake kwa jina lolote miaka yote hiyo. Alishika ukingo wa sinki.

"Usiku ule, nilipokwisha kuongea nawe kwenye simu," alisema, "nilimuuliza, mzee umekwenda wapi? Akasema, nilikwenda kwa Marlys, nimeambiwa hayupo. Nikamwambia wamekudanganya, mzee, yupo, leo tu alikuwa safarini. Akasema, najua yupo. Mimi nilimwambia amekosea namba, na yeye ananiambia nimekosea mlango. Tumelipana."

Marlys akalia hapo hapo, kwa sauti, kina mama wote wanatazama. Duane akamshika bega. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wamegusana.

Tuliporudi chuoni tulikuta mkutano umeitishwa. Watoto walikuwa wamelia, wamekaa, wamekata shauri: sheria ya meza ifutwe. Kijana mmoja akasimama akasema sheria imemtenda dada yetu unyama, na hakuna haja tena, kanuni za chuo sasa zinatulinda. Wengi wakaitikia. Thora alikuwa amejikunja kwenye kona, hajala tangu lini sijui.

Marlys akanyoosha mkono. "Nani anaunga mkono ifutwe?"

Mikono mingi ikapanda.

"Shusheni," akasema. "Kanuni za chuo hazikai mezani kupokea simu. Lyle alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi baba yangu alikuja kwa wema, sawa. Ataingia mwingine kesho, na kofia yake mkononi vilevile, na maneno yaleyale, na nyie mtamjuaje? Mimi yule wa Lyle sikumjua. Niliyepokea ile simu ni mimi." Akapumua. "Sheria inabaki. Anayetaka kuifuta anitoe kwanza mimi."

Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumwambia, hata mara moja tu katika maisha yako, Marlys, jionee huruma wewe mwenyewe! Mikono ikashuka mmoja mmoja, na sheria ikabaki.

Watu walipotawanyika tulibaki watatu, mimi napanga viti. Thora akamsogelea, akaanza kuomba radhi. Marlys akamkalisha kwenye kile kiti cha mezani, na yeye akavuta kingine akakaa mbele yake, magoti yao karibu kugusana.

"Radhi siihitaji," alisema. "Nataka kitu kimoja. Wewe ndiye mtu pekee duniani uliyemsikia... Duane naye alisikia, lakini Duane aliambiwa habari zangu. Wewe uliulizwa mimi niko wapi. Niambie alivyolisema jina langu."

"Alisema, 'Namtafuta binti yangu, Marlys...'"

"Maneno nayajua. Alivyolisema. Alilivuta? Alilisema haraka? Sauti ilikuwaje?"

Thora akafumba macho. Alijaribu kweli, nilimwona anajaribu, midomo inatembea bila sauti. Mimi nikaacha viti. Alipofumbua macho machozi yalikuwa yanamchuruzika.

"Sikumbuki, dada. Nilikuwa nafikiria namna ya kumtoa tu. Sauti yake sikuisikiliza."

Marlys akatikisa kichwa polepole, akamshika yule msichana mikono yote miwili.

"Hapana, usingeweza," akasema. "Ndivyo nilivyokufundisha."